Nukta Iliyohama: Kutambua Uharibifu wa Faili za Miswada Utokanao na Hitilafu za Vifaa vya Tarakilishi

Utangulizi

Kisiwa cha Mvita ni miongoni mwa hazina kuu za miswada ya Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji, kwa mfano, zilinusurika kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya katika karne ya 19, W. E. Taylor akazihifadhi, na hatimaye William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Hadi leo zimo familia katika Mji wa Kale zinazotunza tenzi, kasida na barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Siku hizi kazi ya mnakili imekabidhiwa tarakilishi: kurasa hupigwa picha, sauti za wazee hurekodiwa, na vyote hivyo hugeuzwa faili. Je, mnakili huyu mpya ni mwaminifu kiasi gani? Makala haya yananuia kueleza jinsi mtafiti anavyoweza kutambua faili zilizoharibiwa na vifaa vibovu, na jinsi ya kukibaini kifaa chenyewe.

Kosa la nukta moja

Msomaji wa hati za Kiarabu anafahamu kwamba herufi ra na za hutofautishwa na nukta moja tu. Nukta hiyo ikififia, "kuza" husomeka "kura". Tarakilishi nayo ina nukta yake, yaani biti, ambayo huwa 0 au 1. Herufi p huhifadhiwa kama 01110000, na herufi t kama 01110100. Biti moja ikigeuka, "penzi" huwa "tenzi". Neno lililozuka ni sahihi kabisa, hivyo hakuna programu ya tahajia itakayolishuku. Katika picha iliyobanwa kwa mtindo wa JPEG hali ni tofauti: biti moja yaweza kuvuruga rangi na mistari kuanzia pale ilipogeuka hadi mwisho wa ukurasa.

Watuhumiwa

Lawama nyingi hutupiwa virusi, ilhali vifaa vyenyewe huweza kuwa na makosa. Hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu huweza kuleta kutu kwenye viunganishi. Umeme ukikatika ghafla wakati faili inaandikwa, faili hubaki nusu. Aidha, baadhi ya flashi bandia hudai ukubwa zisiokuwa nao. Kila kinachozidi ukubwa wao halisi hupotea bila onyo.

Tofauti moja ni muhimu sana. Diski ina utaratibu wa ndani wa kujikagua, hivyo ikichakaa kwa kawaida hukataa kusoma na kutoa taarifa ya kosa. Kumbukumbu ya tarakilishi nyingi za kawaida haina mlinzi kama huyo. Hupokea herufi moja na kurejesha nyingine pasi na kulalamika. Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Hatua za utambuzi

Kwanza, mtafiti aache kuandika chochote kwenye diski inayoshukiwa, wala asiendeshe programu ya kukarabati juu ya nakala pekee aliyo nayo. Ukarabati huo waweza kufuta kilichosalia. Vilevile asinakili faili mbovu juu ya nakala rudufu iliyo nzima.

Pili, faili ifunguliwe katika tarakilishi nyingine. Ikifunguka vyema huko, mashaka yanahamia kwenye tarakilishi ya kwanza.

Tatu, ikokotolewe alama ya uthibitisho kama SHA-256, ambayo ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaobadilika hata biti moja ikigeuka. Ikokotolewe mara tatu, na tarakilishi iwashwe upya kila mara, la sivyo itasoma nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu badala ya diski. Alama zikitofautiana ilhali faili haikuguswa, kosa limo katika njia ya kusomea: kumbukumbu, waya au kidhibiti cha diski. Zikilingana lakini zikatofautiana na alama iliyoandikwa siku faili ilipoundwa, basi faili imebadilika pale ilipohifadhiwa au iliponakiliwa.

Nne, kumbukumbu ipimwe kwa Memtest86+ usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuishuku. Tarakilishi izimwe, vipande vya kumbukumbu vichomolewe, visafishwe, kisha vipimwe kimoja kimoja. Tano, isomwe taarifa ya SMART ya diski. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikiongezeka, diski yenyewe inachakaa. Makosa ya CRC yakiongezeka, aghalabu waya ndio wa kubadilishwa kwanza. Flashi nayo hujazwa data ya majaribio hadi ukomo wake, kisha husomwa tena kwa H2testw.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa si mageni kwa mwanafunzi wa fasihi. Mhakiki wa matini hulinganisha miswada, hutafuta nakala ilipoanza kupotoka, kisha huuliza ni mnakili yupi aliyekosea. Utambuzi wa faili mbovu hufuata njia iyo hiyo. Tofauti ni kwamba mnakili binadamu huacha dalili za mwandiko wake, ilhali kumbukumbu mbovu huweza kuacha neno safi lisilo na alama ya jeraha.

Hivyo basi, alama ya uthibitisho iandikwe siku ile ile picha inapopigwa, kabla ya faili kuanza safari. Nakala ziwe tatu, mojawapo ikae nje ya kisiwa. Zaidi ya yote, mswada wa karatasi usipuuzwe kwa kuwa umekwisha pigwa picha. Siku alama zitakapokataa kulingana, shahidi wa mwisho atakuwa ni karatasi ile iliyo kabatini mwa familia.