Nuru Ndani ya Daladala

Jua la Dar es Salaam halikawii kuzama hata katika miezi ya joto kali, na ifikapo saa moja na nusu usiku giza huwa limetimia, ilhali magari ya abiria yaendayo Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala yangali yamejaa na foleni haijasogea. Na ndani ya kila gari wamo watu wanaohesabu chenji kwa kupapasa, wazee wanaoitafuta ngazi ya kushukia kwa ncha ya mguu, na wanafunzi waliokumbatia mikoba yao kwa kuichelea mikono wasiyoiona. Haja hii ya nuru ilikidhiwa zamani kwa balbu chache hafifu zilizofungwa darini, ambazo dereva aghalabu aliziwasha kituoni na kuzizima njiani kwa kuihurumia betri yake. Siku hizi Hiace na Coaster nyingi, na hata bajaji, zimevikwa taa za LED, nyeupe, buluu na zambarau, zilizopangwa kwenye mikanda myembamba inayouzwa kwa mita katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, na kufungwa na mafundi umeme wa magari katika gereji za uchochoroni, pengine kwa muda usiozidi ule wa dereva kumaliza chakula chake cha mchana.

Muradi wangu si kuzilaumu taa hizo, maana katika vitu vyote vilivyoingizwa ndani ya daladala tangu serikali ilipozikubali rasmi mwaka 1983 ni vichache vilivyomfaa abiria kuliko hivi. Ninalodai ni kwamba maisha ya taa, na salama ya gari lenyewe, hutegemea zaidi mambo ambayo abiria hayaoni na mwenye gari hayaulizi, yaani kipimo cha umeme, unene wa waya, na fyuzi. Na kwamba mkanda uliokufa baada ya miezi mitatu, ambao mnunuzi huusingizia ubovu wa kiwandani, mara nyingi umeuawa na gari lililoubeba.

Balbu ya kale ina uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto mpaka ukang'aa, na katika umeme wote unaoumeza, sehemu isiyofika moja katika kumi ndiyo inayotoka kama nuru, na iliyobaki hupotea katika joto. Kwa hakika ni jiko dogo linalotoa mwanga kwa nasibu. LED haina uzi wa kuungua. Ni punje ya nusu-kipitishi ambayo umeme ukiipitia kwa upande mmoja, na upande huo tu, hutoa nuru, na ukigeuzwa chanya kwa hasi haitoi kitu. Mmarekani Nick Holonyak, katika maabara ya General Electric, alionyesha punje ya nuru nyekundu mwaka 1962, na nyinginezo zikafuata. Lakini ile ya buluu yenye nguvu iliwahangaisha wataalamu kwa miaka thelathini hivi, mpaka wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Pasipo buluu hiyo, nyeupe isingalikuwapo, kwa kuwa taa nyeupe ya LED ni punje ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huona weupe. Ndiyo maana mkanda ambao unga wake ni haba hutoa mwanga wa kisamawati unaozifanya nyuso za abiria zionekane kama za wagonjwa.

Faida yake kwa gari huonekana kwa hesabu nyepesi. Hiace yenye umeme wa volti 12 na balbu sita za wati 10 kila moja inatumia wati 60, nazo ni ampea 5. Gari hilo likikaa na taa zake katika foleni na vituoni kwa saa nne, taa peke yake zimedai ampea-saa 20, ambazo ni theluthi ya betri ya ampea-saa 60, na alteneta ya injini inayonguruma polepole, huku redio na feni navyo vikidai haki yao, pengine haiwezi kulilipa deni lote. Mikanda ya LED hutoa nuru kiasi hicho hicho kwa wati 10 hivi, yaani chini ya ampea moja. Watu wa Ulaya wanaosafiri na vijumba vya kulala vinavyokokotwa na magari wamezibadili balbu zao kwa sababu iyo hiyo, kwani huko porini, injini ikisha kuzimwa, betri ndiyo riziki yote.

Walakini hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mkanda ulioandikwa volti 12 umegawanywa katika vipande, na kila kipande kina punje tatu zilizofuatana na rizista moja ya kuzuia umeme usizidi. Punje nyeupe huhitaji volti 3.2 hivi, kwa hiyo tatu zinachukua 9.6, na volti 2.4 zinazobaki huangukia rizista. Hayo ni sahihi kwa volti 12 kamili. Lakini gari linalotembea halina volti 12, maana alteneta inapochaji hupandisha umeme hadi 14 na zaidi kidogo. Punje hazibadiliki sana, ziada yote huiendea rizista, na pale ilipokuwapo 2.4 sasa ipo 4.8: mara mbili, na mkondo upitao ndani ya punje nao huwa karibu mara mbili. Mkanda hung'aa vizuri mno, mwenye gari akafurahi na fundi akasifiwa. Kisha joto linafanya kazi yake chini ya dari ya bati iliyokwisha kuchomwa na jua la mchana kutwa, gundi inalegea, unga wa manjano unafifia, na vipande vinazimika kimoja baada ya kimoja. Dawa yake ni regyuleta ndogo inayoshikilia volti 12 zisipande wala kushuka, ifungwe kati ya swichi na mkanda, na mkanda wenyewe ulazwe juu ya ubapa wa aluminiamu upate pa kumwaga joto lake. Gharama ya vitu hivyo viwili huwakera wengi, nami sioni sababu, maana mkanda wa pili na wa tatu hulipiwa pia.

Coaster za dizeli zina mtihani mwingine, kwa kuwa nyingi zake hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili zilizofuatana. Fundi mwenye mkanda wa volti 12 mkononi na haraka moyoni huona njia ya mkato, akachukua umeme kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili, na taa zikawaka bila taksiri. Lakini alteneta huzichaji betri zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja, haijui kuwa moja inanyonywa na nyingine haiguswi. Iliyonyonywa haijai kamwe, na mwenziwe hujazwa kupita kiasi mpaka maji yake yakakauka. Miezi michache baadaye gari halistati asubuhi, mwenye gari ananunua betri, naye hana habari kwamba mwizi wake yu darini. Iliyo sawa ni kununua mkanda wa volti 24, au kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 kinachochukua umeme wake kutoka betri zote mbili.

Sasa fyuzi, ambayo laiti ningalikuwa na amri ningaliifanya sharti la kwanza. Watu husema kuwa taa hizi hutumia umeme mdogo, basi hatari yake ni ndogo; ni kweli kwa taa, si kweli kwa waya. Waya mwembamba unaotoka kwenye betri ukapita katika tundu la bati lisilo na mpira, husuguliwa na mtikisiko wa barabara mpaka ngozi yake ikachubuka, na shaba ikigusa bodi, taa si kitu tena katika hesabu hiyo: betri iwezayo kutoa mamia ya ampea kwa kuzungusha stata itazimwaga zote katika waya ule, nao utawaka mwekundu chini ya sponji ya viti na plastiki ya dari. Fyuzi iwekwe karibu na betri, si mwisho wa safari kando ya taa, kwa maana inalinda waya ulio mbele yake tu. Na kipimo chake kifuate unene wa waya. Kwa waya wa milimita moja ya mraba, fyuzi ya ampea 5 inatosha kwa taa zote za ndani.

Viungo vya waya visokotwe, vichomewe kwa risasi na kufunikwa barabara, maana solotepu hubanduka kwa joto, na hewa ya chumvi ya pwani huigeuza shaba iliyo wazi kuwa unga wa kijani.

Kuhusu mahali pa kuweka nuru, waungwana wa daladala na mimi hatukubaliani. Fedha nyingi huenda kwenye urembo wa nje na kwenye dashibodi, ilhali ngazi ya mlangoni, ambapo mtu huvunjika mguu, huachwa gizani. Taa ya ngazi ingetangulia, kisha ya njia ya kupitia kati ya viti, tena ya manjano kidogo na iliyofichwa isirudi machoni mwa dereva kupitia kioo cha mbele, kwani dereva aliyezungukwa na mng'ao hamwoni mtembea kwa miguu anayevuka mbele yake. Nyekundu isielekezwe mbele kabisa, maana duniani kote nyekundu humwambia mtu kuwa anaona mgongo wa gari. Na balbu ya LED isichomekwe kijinga katika taa kubwa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni: kioo chake kilipimwa kwa uzi uliokaa mahali pamoja mahususi, na nuru ikitoka penginepo hutawanyika ikawapofusha wanaokuja.

Indiketa zilizobadilishwa kuwa LED hupepesa kwa haraka isiyo ya kawaida, kwa sababu flasha, yaani kifaa kinachozipepesa, huona mzigo mdogo ikadhani balbu imeungua. Ibadilishwe flasha, isiongezwe rizista inayounguza umeme ule ule uliookolewa.

Limebaki jambo la mwenye mali. Urembo huu wa taa aghalabu hulipiwa na dereva na konda kutoka katika kile kinachobaki baada ya hesabu ya tajiri, kwa kuwa ndio wanaojua kwamba gari linalong'aa hujaza abiria upesi kituoni. Na dereva anapoachishwa kazi hung'oa taa zake akaenda nazo, kwa haki yake, akaacha nyaya zilizokatwa zikining'inia nyuma ya dari na upande wa pili zingali zimefungwa kwenye betri. Tajiri anayepokea gari la namna hiyo na afungue dari kabla ya kumkabidhi mtu mwingine ufunguo, achomoe fyuzi ya taa kama ipo, na kama haipo, aufuate waya mpaka kwenye betri aufungue huko.