Picha zimetoka kijani? Usitupe negativu bado

Filamu zimerudi mtaani, na si mchezo. Ukienda Thika wikendi, upande wa maporomoko ya Chania, huwezi kukosa msee mwenye kamera ya babu yake shingoni. Wengine wanafukua masanduku ya wazazi na kupata roli ambazo hazijawahi kuoshwa. Roli inapelekwa dukani, halafu picha zinatoka watu wote wana nyuso za rangi ya embe bichi. Ukiuliza, unaambiwa, "Filamu imeoza, buda."

Mara nyingine haijaoza. Imeoshwa kwa dawa isiyo yake.

Iko hivi. Filamu nyingi za rangi ni za aina mbili. Filamu ya negativu huoshwa kwa mtindo unaoitwa C-41. Filamu ya slaidi, ile iliyokuwa ikimulikwa ukutani kwa projekta, huoshwa kwa E-6. Katika E-6 kuna hatua ya kuigeuza picha ili itoke vile ulivyoiona kwa macho. Ukiingiza slaidi kwenye dawa za C-41, hatua hiyo inarukwa. Unapata negativu, lakini ya ajabu.

Ajabu ya kwanza: haina ule utando wa rangi ya machungwa tuliouzoea kwenye negativu. Mashine ya kuprinti imepangwa ikitarajia utando huo, kwa hivyo usipokuwepo, hesabu yake ya rangi inaenda mrama. Ajabu ya pili: mwanga na kivuli vimeachana sana, rangi zimekolea kupita kiasi. Ndiyo maana roli moja hutoka kijani, nyingine nyekundu, nyingine samawati, kulingana na aina ya filamu.

Kujua ni rahisi. Soma jina kwenye kopo la filamu. Likiishia na "chrome", kama Ektachrome au Fujichrome, ni slaidi. Likiishia na "color", kama Kodacolor au Fujicolor, ni negativu. Kuwa makini na Kodachrome: hiyo ilikuwa na dawa zake pekee, na maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo kule Kansas, Marekani, iliacha kupokea roli zake mwishoni mwa 2010.

Kwa nini tuhangaike, na kuna watu hupenda rangi za kichaa? Kwa picha za fasheni, sawa, furahia. Lakini jirani yetu hapa Ruiru alioshewa roli ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi kwenye shamba la kahawa. Majani yalitoka zambarau, udongo ukawa kijani. Akanionyesha na kuuliza, "Kijana wangu, hapa ni shamba ama ni baharini?" Huwezi kumwambia arudi akapige nyingine. Kahawa ya Ruiru imeng'olewa pande nyingi. Hata Tatu City imekalia ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Picha hizo ndizo shamba lililobaki.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na print, kwa sababu mashine ilishaamua rangi na kutupa nyingine. Rudi kwa negativu. Iskaniwe upya, na umwambie wa dukani azime marekebisho ya rangi na akupe faili ya TIFF. Kama hakuna skana, weka tableti yenye skrini nyeupe chini, inua negativu sentimita chache juu yake, upige kwa kamera.

Fungua faili kwenye GIMP, programu ya bure. Igeuze kwanza iwe picha ya kawaida. Halafu nenda kwa Levels, ufanye nyekundu, kijani na samawati kila moja peke yake: sogeza alama ya kushoto hadi mahali grafu inapoanzia, na ya kulia hadi inapoishia. Hapo tu picha itaanza kupumua.

Kisha tafuta kitu unachojua ni kijivu: lami, saruji, mabati yasiyopakwa rangi. Sogeza alama ya katikati ya kila rangi hadi namba zake tatu zikaribiane. Usitumie shati jeupe lililoungua kwa jua. Halina habari tena.

Bado utaona kivuli kiko kijani na mwanga uko waridi. Hiyo ni kawaida ya slaidi iliyopotea njia, na kuongeza rangi moja kwa picha nzima hakusaidii, kwa sababu ukiponya upande mmoja unaumiza mwingine. Tumia Curves: rekebisha chini ya mstari kwa ajili ya kivuli, juu yake kwa ajili ya mwanga. Mwisho kabisa, punguza makali ya rangi kidogo.

Nyuso zipime kwa watu unaowajua, si kwa mashine. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu hiyo. Kwa hivyo muite mtu wa familia akae kando yako aseme, "Hapana, alikuwa mweusi zaidi ya hapo."

Kuna ambazo hazitapona. Mahali mwanga uliungua, hakuna programu itakayorudisha kitu. Hizo zitoe kwa nyeusi na nyeupe, na mara nyingi zinapendeza.

Ukiwa na roli nyingine ya slaidi, muulize wa dukani kabla hujamwachia: "Mnaosha E-6?" Akisita, ondoka nayo. Na negativu ulizo nazo ziweke kwenye mfuko safi, mbali na joto na unyevu. Print ikififia utatoa nyingine. Negativu ni moja tu.