Injini Imebadilishwa, Gari Halipigi Stata: Tusiihukumu Stata Mapema

Leo nataka tuzungumze habari ya gari lililobadilishwa injini na sasa halitaki kupiga stata. Kwa kuitazama ni shida ndogo, lakini imewatia watu wengi hasara, hasa wenye teksi, ambao gari likilala gereji siku moja, nyumbani jiko nalo linalala.

Mambo huenda hivi. Injini ya zamani imechoka, inakula oili na kutoa moshi. Mwenye gari anajikusanya, anakwenda Ilala au Kariakoo kununua injini iliyokwisha tumika Japani. Mafundi wanaifunga kwa siku mbili. Wakati wa kuwasha unapofika, ufunguo unazungushwa, inasikika "ka!" mara moja, kisha kimya. Hukumu hutolewa papo hapo: "Stata imekufa, bosi. Lete nyingine."

Mimi nasema hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno. Ikiwa stata ni ile ile iliyoingia gereji ikifanya kazi, kwa nini ife siku hiyo hiyo? Kabla ya kutoa pesa, tuulize kwanza: ni kitu gani kilifunguliwa, na je, kimerudishwa?

Ili tuelewane, tuitazame kazi yenyewe. Stata ni mota ya umeme yenye kazi nzito kuliko kifaa kingine chochote cha umeme kwenye gari la kawaida. Taa moja kubwa ya mbele hutumia ampea nne au tano hivi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kiasi cha ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huzidi hapo. Ndiyo maana taa kuwaka na honi kulia si ushahidi kwamba stata inapata umeme wa kutosha. Mfereji unaopitisha maji ya kunawia hauwezi kupitisha mto.

Umeme huo una safari ya kwenda na safari ya kurudi. Huenda kwa waya mnene kutoka upande wa chanya wa betri mpaka kwenye stata. Hurudi kupitia chuma cha injini mpaka upande wa hasi. Lakini injini imekalia mipira, ile tunayoiita mauntingi, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo hufungwa waya mnene, au utepe wa nyaya zilizosukwa, kuiunganisha injini na betri au na bodi. Mafundi huuita waya wa ethi. Injini inapotolewa, waya huu lazima ufunguliwe. Na kwa kuwa hauonekani kuwa na kazi ya maana, ni rahisi kusahauliwa. Au hurudishwa, lakini hufungwa juu ya kutu, au juu ya ile rangi ya fedha ambayo injini imepakwa ili ipendeze. Rangi nayo haipitishi umeme.

Katika mtaa ninaokaa yuko kijana dereva wa teksi aliyenunua stata ya pili, kisha ya tatu, na gari likabaki la kusukumwa. Mwishowe akaanza kulalamika kwamba kebo ya klachi inanuka kuungua. Fundi umeme mmoja mtu mzima aliyeitwa hakuigusa stata. Alichukua waya mmoja wa kubusti, akaushika kwenye hasi ya betri na kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Haya, piga." Injini ikazunguka. Waya wa ethi ulikutwa unaning'inia nyuma ya injini, haukufungwa popote. Umeme ulipokosa njia yake ulijipitishia kwenye kebo ya klachi, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wangeendelea hivyo, kebo ingekatika, au ingewasha moto. Kijana alipata dawa, lakini pesa za stata mbili hazikurudi.

Kipimo hicho ni cha dakika moja, na ningependa kila mwenye gari akijue. Lakini kitanguliwe na betri. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi. Stata inapopigwa isishuke sana chini ya volti 10. Tazama pia vichwa vya betri, kwani unga mweupe au wa kijani na nati iliyolegea hutosha kuzuia kila kitu.

Baada ya hapo sikiliza, maana gari husema lenyewe. Likilia "ka-ka-ka-ka" kwa haraka, betri ni dhaifu au vichwa vyake havikazi. Likilia "ka!" moja nzito, amri ya ufunguo imefika, ila umeme mkubwa haupiti vizuri: hapo ndipo pa kutafuta ethi na nati za stata. Likiwa kimya kabisa, tafuta ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye stata. Huchomoka kwa urahisi injini inapoingizwa. Usisahau fyuzi na relei, na kwa gari la otomatiki, swichi ya gia inayozuia stata isipokuwa gia iko kwenye P au N.

Ikiwa stata inavuma peke yake na injini haizunguki, au inasaga meno, basi swali ni jingine. Pengine stata na flaiwili havikuzaliwa pamoja. Injini ya gari la otomatiki ikifungwa giaboksi ya kawaida, au stata ikiazimwa kwenye injini ya aina nyingine, meno huweza yasikutane sawasawa. Hapo usiendelee kujaribu, utamaliza meno ya flaiwili, na kuibadili flaiwili ni kushusha tena giaboksi.

Jambo jingine: injini iliyokaa muda mrefu dukani huweza kuganda, au kuingia maji. Kabla ya kuilaumu stata, weka spana kwenye nati ya puli ya mbele na uizungushe injini kwa mkono. Isipozunguka, kosa ni la injini, na afadhali ujue mapema ukamrudie aliyekuuzia.

Sisemi kwamba stata haifi. Kaboni huisha, bushi hulika. Ikigongwa kidogo ikazunguka, kaboni ndizo za kutazamwa kwanza, na kubadili kaboni ni kazi ndogo kuliko kununua stata nzima.

Nionye pia juu ya ile tabia ya kuunganisha stata kwa bisibisi. Gari likiwa kwenye gia huruka mbele, na aliyeinama mbele yake hana pa kukimbilia. Ukipiga stata usizidishe sekunde kumi kwa mara moja, kisha uiache ipoe. Na kazi yoyote ya nyaya ianze kwa kufungua hasi ya betri, na hasi hiyo iwe ya mwisho kufungwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku injini mpya inapofungwa, simama karibu. Muulize fundi: waya wa ethi uko wapi, na umefungwa kwenye chuma kitupu? Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hatachukia. Ni swali lisilo na gharama, nalo linaweza kukuokolea bei ya stata nzima.