Ukifilisika Marekani (3): Kesi imefutwa, hesabu siku kumi na nne

Bahasha ilikuwa nyembamba, ndiyo maana mwenyewe hakuwa na haraka ya kuifungua. Mzee huyu ni mzaliwa wa Uvira, dereva wa lori mjini Houston, na kwa uzoefu wake barua za mahakama huja nene. Alinipigia Jumapili jioni: "Mwalimu, hebu nisomee hii," akanitumia picha. Karatasi moja, mistari minne. Kesi yake ya ufilisi, aliyoifungua mwenyewe bila wakili chini ya Sura ya 13, imefutwa. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo watu wengi huziruka, palikuwa na namba ya kesi, namba ya waraka, na tarehe amri ilipoingizwa katika daftari la kesi. Siku tisa zilikuwa zimekwisha kupita.

"Kwa hiyo nina siku kumi na nne za kukata rufaa?"

"Una tano, mzee. Tisa zimeliwa ukiwa barabarani."

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi kesi ya ufilisi inavyofunguliwa na jinsi zuio linavyowasimamisha wadai siku hiyohiyo. Leo tunaingia penye tabu: kesi imetupiliwa mbali, huna fedha za wakili, na umeambiwa na watu wa msikitini au wa kanisani kwamba "ukate rufaa tu".

Kanuni ya 8002 ya taratibu za ufilisi inatoa siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Siku hizo huhesabiwa tangu amri ilipoingizwa daftarini. Siku hakimu aliyotamka uamuzi haihesabiwi, wala siku posta ilipokufikia. Barua isipokufika kabisa, hilo peke yake haliongezi hata saa moja. Na notisi yako lazima iwe imefika kwa karani ndani ya muda. Kuitia kwenye sanduku la posta siku ya mwisho hakukuokoi. Nafuu ndogo ni kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Msomaji aliyezoea mambo ya Tanzania, ambako notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30, asilete hesabu hiyo hapa. Ukichelewa, unaweza kumwomba hakimu akuongezee muda ndani ya siku 21 zinazofuata, lakini hapo utatakiwa uthibitishe kwamba uzembe wako unasameheka. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Pioneer, ilitaja mambo yanayopimwa: ulichelewa kwa kiasi gani, kwa nini, nani ameumia, na kama ulikuwa na nia njema. Kusema "sikujua sheria" mara chache sana kumemsaidia mtu.

Hata hivyo, kabla ya kugusa fomu ya rufaa, soma ile mistari minne uone kesi ilifutwa kwa sababu gani. Nimeona watu wengi wakiliruka jambo hili, na hapa ndipo kesi zao zinapofia.

Chukua kesi ya mzee wetu. Katika Sura ya 13 mdaiwa anapeleka mpango wa kulipa madeni kwa miaka mitatu hadi mitano, na hakimu anauidhinisha baadaye. Lakini sheria inataka malipo ya kwanza yaanze ndani ya siku 30, hata kama mpango haujaidhinishwa. Mzee alisubiri idhini. Kwa akili ya kawaida alikuwa sahihi, maana nani analipa mkataba ambao haujakubaliwa? Msimamizi, yule afisa anayepokea fedha na kuwagawia wadai, akaomba kesi ifutwe kwa kutolipa. Hakimu akafuta. Sasa rufaa ni ya kuonyesha kosa la hakimu. Hapa hakimu alikosea nini? Hakukosea. Aliyekosea ni mdaiwa, na kwa kosa lake mwenyewe mtu hakati rufaa.

Au kesi ilifutwa kwa sababu ya karatasi. Unazo siku 45 za kukamilisha nyaraka, zikiwemo salari slipu za siku 60 kabla ya kufungua kesi. Zisipopatikana, siku ya 46 kesi inahesabiwa kuwa imejifuta yenyewe. Au hukuwa na cheti cha ushauri wa madeni, ambacho lazima kiwe kimepatikana ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Kama cheti unacho na tatizo ni kwamba ulisahau kukiambatanisha, usikimbilie mahakama ya juu. Rudi kwa hakimu yuleyule umwombe mapitio. Vilevile kama taarifa ya kikao ilipelekwa anwani ya zamani ilhali ulikwisha kuiandikia mahakama kwamba umehama: sheria inadai mdaiwa apewe taarifa na nafasi ya kusikilizwa kabla hakimu hajaifuta kesi kwa sababu kama ile ya kutolipa. Ukihama bila kumwandikia karani, mzigo ni wako.

Maombi ya mapitio nayo yana mtego. Katika kesi za kawaida za madai kwenye mahakama za shirikisho muda wake ni siku 28. Katika ufilisi ni 14. Watu wanaojisomea sheria usiku peke yao huangukia humo, kwa sababu wameshika kitabu sahihi cha kesi isiyo yao. Faida yake ni kwamba ukiyawasilisha ndani ya siku hizo 14, muda wa rufaa unasimama, na unaanza upya hakimu akishayatolea uamuzi.

Basi rufaa inamfaa nani? Inamfaa mtu ambaye hakimu alimkosea kwa sheria. Kwa mfano, hakimu amefuta kesi na kumzuia mdaiwa asifungue nyingine kwa siku 180, bila kueleza ni amri gani aliikaidi kwa makusudi. Sheria inataka ukaidi wa makusudi, kupitiwa hakutoshi. Hapo una neno la kusema mbele ya mahakama ya juu, na swali lenyewe linatosha katika sentensi moja. Swali lako likihitaji kurasa tatu za kueleza shida za nyumbani, huenda huna swali.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya hata mawakili wapya. Hakimu akikataa mpango wako lakini akakupa nafasi ya kuurekebisha, bado huna haki ya kukata rufaa. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 2015 katika shauri la Bullard, majaji wote wakikubaliana: uamuzi wa namna hiyo haujahitimisha kitu. Kesi ikifutwa, ndipo mambo yamehitimishwa na haki ya rufaa inazaliwa. Lakini angalia kejeli yake. Mlango wa rufaa unafunguka saa ileile paa linapoezuliwa, kwa kuwa kesi ikifutwa, zuio lililokuwa linakukinga na wadai linakufa papo hapo.

Na notisi ya rufaa hailifufui. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linalowagharimu watu nyumba. Mtu anapeleka notisi, anapata mhuri, analala usingizi akidhani benki imefungwa mikono. Huko Texas nyumba za waliokwama mikopo hunadiwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Mnada hauna habari na mhuri wako. Unachohitaji ni maombi mengine, ya kusimamisha utekelezaji hadi rufaa isikilizwe, na kwa kawaida unaanza kuyapeleka kwa hakimu yuleyule aliyefuta kesi. Akikataa ndipo unapanda juu. Watakupima: rufaa yako ina nafasi ya kushinda? Utapata hasara isiyorudishika? Wengine wataumia vipi? Na maslahi ya umma yako wapi? Nyumba ikishauzwa, mahakama ya juu yaweza kusema haina tena cha kukurudishia, hata kama ulikuwa na haki.

Ukishaamua kwamba rufaa ndiyo njia yako, jaza fomu rasmi namba 417A, ambatanisha amri unayoilalamikia, lipa ada ya dola 298 au uombe msamaha wa ada kama huna uwezo. Mume na mke waliofungua kesi pamoja wote wawili watie sahihi. Asiye wakili hamsemei mwingine mahakamani, hata awe mwenzake wa ndoa. Rufaa inakwenda wapi? Inategemea unakoishi. Aliyeko Texas, Maryland au Pennsylvania anakwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya. Katika kanda za Kwanza, ya Sita, ya Nane, ya Tisa na ya Kumi yapo majopo maalumu ya mahakimu watatu wa ufilisi, ingawa upande wowote unaweza kuchagua mahakama ya wilaya. Watu wetu wa Minnesota na Iowa wako kanda ya Nane, wa Ohio na Kentucky kanda ya Sita. Muulize karani kama wilaya yako inatumia jopo. Hilo anaruhusiwa kukujibu. Ushauri wa kisheria hatakupa, na usimkasirikie.

Ndani ya siku 14 nyingine unatakiwa kuorodhesha nyaraka za mwenendo wa kesi unazozitegemea, kutaja hoja za rufaa, na kuagiza maandishi ya yaliyosemwa kikaoni au kuandika kwamba huyaagizi. Maandishi hayo yanalipiwa kwa ukurasa, na wengi huyaacha ili kubana fedha. Ni ubanaji wa hatari. Mahakama ya juu haitasikiliza mashahidi wala kupokea salari slipu mpya. Inasoma kilichokuwa mbele ya hakimu basi. Kama hoja yako ni kwamba hakimu hakukusikiliza na hakuna karatasi inayoonyesha kikao kilivyokwenda, wataionaje? Kumbukumbu ikishapokelewa, una siku 30 za kuwasilisha hoja zako kwa maandishi.

Mahakimu wa juu wanapoisoma rufaa yako, swali la sheria wanalipima upya kabisa. Matokeo ya ushahidi hawayagusi ila kwa kosa lililo wazi. Uamuzi wa kufuta kesi, kwa sehemu kubwa, ni wa hiari ya hakimu, na kuonyesha kwamba aliitumia vibaya ni mlima. Ni kweli kwamba sheria inakuruhusu kujiwakilisha, na tangu shauri la Haines mwaka 1972 maandishi ya asiye na wakili husomwa kwa upole kuliko ya wakili. Upole huo ni wa lugha yako. Tarehe hazina upole.

Lugha nayo ina lake. Kwenye kikao cha wadai unaweza kupewa mkalimani wa simu bure, Kiswahili kikiwemo, ukiomba. Mbele ya hakimu, kwa kawaida mkalimani ni juu yako. Na jihadhari na wale wajaza fomu wa mtaani. Sheria inawaruhusu kupiga chapa tu, na lazima waandike majina yao kwenye karatasi. Anayekwambia "kata rufaa, nitakuandikia" huku akikataa kutia jina lake, mwache.

Mzee wa Uvira hakukata rufaa. Jumatatu tulikaa mezani kwake na kikombe cha chai, tukaona kwamba cheti chake cha ushauri bado kilikuwa ndani ya siku 180, akafungua kesi mpya. Kwa kuwa ya kwanza ilifutwa ndani ya mwaka huohuo, zuio jipya lilikuwa la siku 30 tu, isipokuwa hakimu alirefushe. Aliomba siku ileile, akapangiwa kikao kabla muda haujaisha. Alikwenda na shati lililonyooshwa na risiti ya malipo ya kwanza, aliyoyapeleka bila kusubiri kuambiwa. Hakimu akamuuliza msimamizi kama anapinga. Msimamizi akaipokea risiti, akaisoma pande zote mbili, akasema hapana.

Juma lijalo: nyumba, gari na vitu ambavyo mdai hawezi kuvigusa.

(Itaendelea)