Tanga Lisilo na Upepo: Nuru ya Jua na Mwendo wa Vyombo vya Angani

Neno tanga, katika maana yake ya asili, ni kitambaa au mkeka ufungwao katika foromali ili upepo ukisukume chombo baharini. Siku hizi neno hili latumika pia kwa kitu kisichojua upepo wala maji, nacho ni utando mwembamba ung'aao kama kioo, ukunjuliwao angani ili chombo kisukumwe na nuru ya jua. Yafaa ichunguzwe ni wapi neno hilo la zamani humwongoza mwanafunzi, na ni wapi humpoteza.

Nuru haina uzito, illa ina msukumo. Ikipiga kitu cheusi huacha msukumo wake humo. Ikipiga kioo na kurudishwa ilikotoka, msukumo huwa karibu mara mbili. James Clerk Maxwell alilionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1873, na Pyotr Lebedev, aliyefanya kazi Moscow, akatangaza vipimo vyake mwaka 1901.

Mkulima wa Ruangwa aanikaye korosho husikia joto la jua mgongoni, wala hasikii kusukumwa. Sababu ni udogo wa nguvu yenyewe. Lau utando wenye ukubwa wa kiwanja cha mpira, yaani mita za mraba 7,000 hivi, ungekunjuliwa nje ya hewa ya dunia na kuelekezwa juani, nguvu ya nuru yote iupigayo ingelingana na uzito wa gramu 6 au 7. Huo ni kama uzito wa korosho moja ambayo haijabanguliwa.

Walakini angani hakuna hewa ya kuizuia nguvu hiyo, wala haihitaji mafuta. Wajapani walirusha chombo chao IKAROS tarehe 21 Mei 2010. Tanga lake lilikuwa la mraba, kila upande mita 14, na unene wake haukufika sehemu moja kwa mia ya milimita. Chombo hicho cha kilo 310 hivi kiliongezewa na nuru mwendo wa kama sentimita 30 kwa sekunde katika kila siku moja. Ni haba na haba. Bali haba hiyo haikomi.

Kosa la kwanza la kuepukwa limo katika neno upepo. Kuna kweli kitu kiitwacho upepo wa jua, nacho ni chembechembe zenye umeme zitokazo juani kwa kasi kubwa. Lakini msukumo wake ni mdogo kuliko ule wa nuru kwa zaidi ya mara elfu moja. Mwalimu asemaye kwamba tanga hili husukumwa na upepo wa jua amefundisha lisilo kweli.

Kosa la pili ni kudhani kwamba chombo hicho chaweza tu kulikimbia jua. Jahazi huweza kubisha kwa sababu mkuku wake hushika maji. Angani, mahali pa maji pameshikwa na mvutano wa jua, maana chombo tayari chalizunguka. Tanga likiinamishwa hata msukumo ufuate mwendo wa chombo, njia yake hupanuka na kuliacha jua mbali. Likiinamishwa kinyume, njia husinyaa, nacho huteremka kulielekea jua. Hivyo nuru yaweza kukipeleka chombo kule kule itokako.

Labaki jambo la lugha. Kwa mtoto wa Ruangwa, aliye mbali na bahari, wingi wa neno hili, yaani matanga, aghalabu huleta kwanza fikira ya msiba. Kwa hiyo neno lisiachwe peke yake. Tanga la nuru ndilo jina lifaalo: tanga laonyesha umbo na kazi, na nuru yataja kisukumacho. Kubisha nako kwaweza kufuata angani. Upepo na ubaki baharini.