Mlinganyo Una Mahali na Majira Yake: Uhalali wa Usawazishaji wa Vihisi Nafuu vya PM2.5 katika Miji ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Vihisi vya gharama nafuu vimebadilisha namna uchafuzi wa hewa unavyochunguzwa katika miji ya Afrika Mashariki. Mfano unaofahamika ni mradi wa AirQo, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015. Vifaa vyake hufungwa juu ya nguzo na mapaa, na vingine husafirishwa kwa bodaboda. Hupeleka vipimo kupitia mtandao wa simu, na kila kifaa hubeba vihisi viwili ili kimoja kiwe shahidi wa kingine. Kwa gharama ya kituo kimoja rasmi, mtafiti anaweza kusambaza vihisi vingi katika jiji zima.

Kinachopimwa ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ziitwazo PM2.5, ambazo hupenya hadi sehemu za ndani kabisa za mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na kile cha saa 24 kutoka 25 hadi 15. Viwango vinaposhuka kiasi hicho, kosa dogo la kipimo hutosha kugeuza hewa chafu iitwe safi.

Kwa kuwa kihisi nafuu hakiaminiki kikiachwa peke yake, tasnifu nyingi za fani hii huhusu usawazishaji, yaani kutafuta mlinganyo au modeli ya kompyuta inayobadili usomaji wa kihisi uwe karibu na kipimo cha mashine rejea. Makala haya yanajenga hoja moja: modeli ya usawazishaji ni dai kuhusu mahali na majira fulani, na jaribio lisilovuka mipaka ya mahali na majira hayo haliwezi kuthibitisha kwamba modeli inafaa kutumika kwingineko.

2. Namna kihisi kinavyopima

Kihisi nafuu hakipimi uzito wa chembe. Feni ndogo huvuta hewa na kuipitisha mbele ya mwali wa leza. Chembe hutawanya mwanga, na kipokea mwanga hugeuza mtawanyiko huo kuwa mpigo wa umeme. Programu iliyomo ndani ya kihisi hukadiria idadi na ukubwa wa chembe, kisha hukokotoa uzito wake. Hatua hiyo ya mwisho hutegemea dhana zilizowekwa kiwandani kuhusu umbo, msongamano na rangi ya chembe.

Mashine rejea hufanya kazi kwa njia nyingine. Aina inayotumika sana hunasa chembe juu ya utepe wa chujio na kupima kiasi cha miali ya beta kinachozuiwa na mzigo huo. Hewa inayoingia hupashwa joto ili kupunguza unyevu. Kwa hiyo vifaa viwili vilivyowekwa bega kwa bega vinapima vitu viwili tofauti: kimoja mwanga uliotawanywa na chembe zenye unyevu, kingine uzito wa chembe zilizokaushwa.

Tofauti hiyo huleta makosa ya aina tatu. Kwanza, unyevu wa hewa. Chembe zenye chumvi hufyonza maji na kuvimba, na chembe iliyovimba hutawanya mwanga zaidi ingawa uzito wake mkavu haujabadilika. Chumvi ya kawaida hugeuka kuwa tone la maji unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75. Mtafiti wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako upepo hutoka baharini, hana budi kulitazama jambo hili kwa jicho tofauti na mwenzake wa Kampala au Nairobi.

Pili, aina na ukubwa wa chembe. Moshi mbichi wa mkaa, kuni au dizeli una chembe ndogo mno, na zile ndogo zaidi hutawanya mwanga hafifu usioonwa na kihisi. Vumbi la barabara isiyo na lami, kwa upande mwingine, lina chembe kubwa ambazo vihisi hivi huzikosa kwa sehemu kubwa. Tatu, uchakavu: leza hufifia na vumbi hujikusanya ndani ya kifaa, hivyo uhusiano uliopatikana siku ya kwanza hausimami palepale baada ya miezi mingi.

3. Hatari ya mlinganyo wa kuazima

Mwaka 2021, watafiti wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani walichapisha mlinganyo wa kurekebisha vihisi vya PurpleAir, uliojengwa kwa data za majimbo mbalimbali ya nchi hiyo:

PM2.5 = 0.524 × P − 0.0862 × U + 5.75

P ni usomaji wa kihisi na U ni unyevu wa hewa kwa asilimia. Kihisi kikisoma 60 huku unyevu ukiwa asilimia 80, jibu ni takriban 30.3, unyevu ukiwa asilimia 40, jibu ni takriban 33.7. Mlinganyo huu umesaidia sana mahali ulipotengenezwa, na ni rahisi kuuazima kwa sababu vihisi vya aina hiyohiyo hutumika Afrika Mashariki.

Hata hivyo, nambari 0.524 ina maana mahususi: katika data zilizotumika, kihisi kilielekea kusoma karibu maradufu ya uzito halisi. Tuchukulie sasa mtaa wenye barabara ya udongo wakati wa kiangazi. Kihisi kimekwisha kukosa sehemu ya vumbi, hivyo usomaji wake uko chini ya uhalisi. Mlinganyo wa kuazima huupunguza tena kwa karibu nusu. Kosa linalaliwa na kosa jingine la upande uleule, na wakazi wanaambiwa kwamba hewa yao ni nafuu kuliko ilivyo. Mlinganyo wenyewe hauna lawama, kwani haukutengenezwa kwa vumbi hilo.

4. Jaribio linalodanganya

Suluhisho linalopendekezwa kwa kawaida ni kujenga modeli ya papo hapo kwa ujifunzaji wa mashine. Kihisi huwekwa kando ya mashine rejea kwa wiki kadhaa, data za kila saa hukusanywa, asilimia 80 huchaguliwa kwa bahati nasibu ili kufunza modeli, na asilimia 20 zilizobaki hutumika kuijaribu. Matokeo huwa mazuri mno, na thamani ya R² hukaribia 1.

Tatizo limo katika neno nasibu. Hewa ya saa nne asubuhi hufanana sana na ya saa tatu na ya saa tano. Data zikichanganywa kama karata, saa nne inaweza kuangukia upande wa majaribio huku majirani zake wawili wakiwa upande wa mafunzo. Modeli haiulizwi inajua nini kuhusu siku isiyoijua. Inaulizwa kujaza pengo kati ya saa mbili ilizokwisha kuziona. Ni sawa na mwanafunzi anayetahiniwa kwa maswali yaliyojibiwa ubaoni dakika chache kabla ya mtihani.

Kasoro ya pili ni kuingiza kipimo rejea cha saa iliyotangulia miongoni mwa vigezo vya modeli. Usahihi hupanda, lakini kifaa kitakapofungwa mtaani hakitakuwa na mashine rejea kando yake. Modeli imejengwa juu ya taarifa ambayo haitapatikana kazini.

Kasoro ya tatu inahusu mbinu inayopendwa ya msitu nasibu, ambayo hutoa jibu kwa kuchukua wastani wa miti mingi ya uamuzi. Katika umbo lake la kawaida, haiwezi kutabiri thamani inayozidi ile ya juu kabisa iliyomo katika data za mafunzo. Ikifunzwa wakati wa masika, mvua inapoosha hewa, kilele cha uchafuzi cha kiangazi kitakatwa kimyakimya, nazo ndizo siku ambazo onyo linahitajika zaidi.

5. Jaribio linalofanana na matumizi

Kanuni inayopendekezwa hapa ni kwamba jaribio lifanane na kazi ambayo modeli itapewa. Ikiwa modeli itatumika miezi ijayo, data zigawanywe kwa vipindi: ifunzwe kwa kipindi kimoja na kujaribiwa kwa majira mengine yote. Ikiwa itatumika katika mitaa isiyo na mashine rejea, kituo kimoja kizima kiondolewe katika mafunzo na kitumike kujaribu, kisha zoezi lirudiwe kwa kila kituo.

Matokeo ya jaribio la namna hiyo huenda yakawa duni kuliko ya mgawanyo nasibu. Uduni huo ni ugunduzi wenye thamani, kwa kuwa unamwonyesha msomaji modeli inapoteza kiasi gani inapotoka nyumbani kwake. Aidha, modeli ilinganishwe na usomaji ghafi wa kihisi na mlinganyo rahisi wa mstari. Modeli changamano isiyoushinda mlinganyo huo katika majira mapya haijastahili uchangamano wake.

Vilevile, R² pekee haitoshi, kwa kuwa inaweza kuwa ya juu hata pale ambapo kila jibu limepungua kwa kiasi kilekile. Wastani wa kosa na mwelekeo wake, juu au chini, uripotiwe kwa kila msimu na kwa kila ngazi ya uchafuzi. Karibu na kiwango cha 15, upungufu wa mikrogramu 6 hugeuza siku ya 20 kuwa 14, yaani siku iliyovuka kiwango ikahesabiwa kuwa salama.

6. Hitimisho

Machi 2025 Marekani ilisitisha kutangaza data za hewa kutoka katika balozi zake, zikiwemo za Kampala na Addis Ababa, ambazo watafiti walizitegemea kama rejea. Kadiri rejea zinavyopungua, ndivyo kishawishi cha kuazima milinganyo na kutegemea majaribio mepesi kinavyoongezeka.

Mtahini wa tasnifu ya aina hii anaweza kuanza na maswali manne. Data za majaribio zilitenganishwaje na za mafunzo? Je, kila kigezo cha modeli kitapatikana mtaani? Modeli ilikutana na majira na viwango gani vya uchafuzi? Na inakosea upande upi inapokosea? Tasnifu inayoyajibu kwa uwazi, hata ikiwa na usahihi wa wastani, inampa mpangaji wa jiji kitu cha kutegemea. Isiyoyajibu imethibitisha tu kwamba mashine mbili zilikubaliana juu ya paa moja, kwa wiki chache.