Metali Nzito na Mwani wa Hadubini katika Bahari ya Kusini

Neno "mwani" humkumbusha msomaji wa pwani mimea ya baharini ianikwayo juani. Hapa tunalitumia kwa viumbe vya seli moja, visivyoonekana ila kwa hadubini, ambavyo katika Bahari ya Kusini ndivyo chakula cha krili, na kupitia krili, cha pengwini na nyangumi.

Shaba yafaa kutazamwa kwanza, kwani ni lishe na sumu kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya bahari hiyo ina chuma haba mno, na baadhi ya dayatomu hutumia vimeng'enya vyenye shaba ili kukivuta chuma hicho kidogo. Kiumbe wa namna hii hawezi kujifungia kabisa dhidi ya shaba. Inapozidi, ayoni zake huvuruga usanisinuru na kuchochea oksijeni haribifu ndani ya seli, hata mgawanyiko wa seli ukapungua. Hata hivyo, si shaba yote iliyomo majini inayodhuru: ile iliyoshikwa na mata ogania haipenyi kwa urahisi. Ndiyo maana kipimo cha jumla pekee hupotosha.

Barafu huongeza utata. Maji ya bahari yagandapo, kwenye nyuzi -1.8 hivi za Selsiasi, chumvi na metali zilizoyeyuka husukumwa katika vijifereji vya maji makali, na humo ndimo unamoishi mwani wa barafuni.

Uchafuzi wenyewe hutokea hasa kandokando ya vituo vya utafiti. Katika kituo cha Casey cha Australia, maji ya theluji yalipita katika jaa la zamani la Thala Valley yakabeba metali hadi ghuba ya Brown Bay. Itifaki ya Madrid ya 1991, iliyoanza kutumika 1998, inadai majaa kama hayo yasafishwe.

Lakini maji safi ni yapi? Jaribio la kawaida la sumu kwa mwani huchukua saa 72. Mwani wa Antaktika hukua polepole mno kwa muda huo. Kuuazimia viwango vya bahari za joto ni kuhukumu kabla ya kusikiliza. Aidha, Phaeocystis antarctica huishi ama kama seli moja moja ama kama makundi yaliyofunikwa kwa ute, na ute huo waweza kuzishika metali kabla hazijaifikia seli. Jaribio lisilotaja ni hali ipi iliyopimwa halitoi jibu kamili.